Mavyaa anadarizi kofia, mbona ndoo haioni?

BARUA

Assalamu alaykum Bi Mkubwa,

Mimi ni mkemwana wa watu, nina miaka 33, naishi Wete na mavyaa wangu pamoja na watoto wangu watatu. Mume wangu kazi zake ziko Unguja, huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Mavyaa ana miaka 69. Miaka minne iliyopita alipimwa hospitali akaambiwa ana presha ya macho. Anatia matone ya aina mbili, kichupa kimoja asubuhi na jioni, kingine usiku wakati wa kulala, na pia anakunywa vidonge vya presha ya mwili.

Kinachonitatiza ni hiki. Mavyaa anadarizi kofia. Akikaa barazani na miwani yake anatia uzi kwenye sindano mwenyewe, haombi mtu, na vitundu vyake ni vidogo kuliko punje ya mtama, vimepangana kama vimepimwa. Msahafu anasoma. Lakini akiinuka hapo barazani, hazifiki hatua tano ameshajikwaa. Ndoo iko mbele ya miguu yake, ataipiga teke. Mtoto wangu mdogo akitambaa sakafuni roho yangu iko juu.

Mwaka huu ameanguka mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa jikoni, nilikuwa nimeinuka kwenye mbuzi ya nazi kwenda kuchuja tui, akaja akaikwaa. Mara ya pili ni msimu wa karafuu, magharibi imeingia, uwanja wote umetandikwa majamvi, mguu ukanasa kwenye ukingo wa jamvi. Mara zote mbili tulimshukuru Mungu, ilikuwa michubuko tu. Ya tatu ni mwezi uliopita. Aliamka kabla ya alfajiri, akatia dawa yake, akatoka kwenda uani kutia udhu. Nikasikia kishindo. Nilimkuta kwenye kizingiti cha mlango wa uani, mkono wa kushoto ameulalia. Umevunjika kwenye kifundo, mpaka sasa uko kwenye plasta.

Sasa maneno yamekuwa mengi. Wifi yangu anasema mimi ni mzembe, naacha vitu ovyo, tena anayasema mbele ya majirani. Jirani mmoja anasema hilo si bure, mtu anayeona tundu la sindano atakosaje kuona ndoo, basi kuna kitu kimemkalia, apelekwe kwa mganga. Mwengine anasema ni hizo dawa zinampa kizunguzungu, aziache, na mavyaa mwenyewe ameanza kuruka siku. Mume wangu amepiga simu na amri moja: mama asitoke nje, akae chumbani, kila kitu apelekewe. Tangu hapo ni wiki tatu hajaenda popote. Juzi kulikuwa na msiba nyumba ya nne kutoka kwetu, hakwenda kuhani. Alilia. Akaniambia, "Mwanangu, kwani mimi nimeshakufa?"

Nifanye nini? Na kweli mtu anaweza kuona sindano asione ndoo, au kuna jambo ananificha?

Mkemwana, Wete

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, na pole kwa yote, pamoja na hayo maneno ya mbele ya majirani.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana hayo mengine yote yamepanda juu yake. Ndiyo, anaweza. Mavyaa wako hafichi kitu, hajitii, na hajakaliwa na chochote. Ana presha ya macho, ambayo madaktari wanaiita glakoma, na hivi ndivyo inavyofanya kazi yake. Inaula mshipa wa fahamu unaochukua picha kutoka kwenye jicho kuipeleka kwenye ubongo. Inaula polepole, wengi hawasikii maumivu yoyote, na mara nyingi inaanzia kando kando. Katikati inapaacha mpaka mwisho. Na katikati ndipo tunapotilia uzi, ndipo tunaposomea msahafu, ndipo tunapomtambua mtu kwa sura. Kando na chini ndiko miguu inakopata habari zake. Kwa hivyo sindano anaiona kwa sehemu ya jicho iliyobaki nzima, na ndoo imekaa pale pasipokuwa na kitu tena.

Tena usidhani anaona giza pale chini. Angeona giza angejihadhari. Ubongo unajaza pengo lile kwa kitu kinachofanana na kilichoko jirani yake, na yeye anachokiona ni sakafu tupu. Ndiyo maana akijikwaa anashangaa kuliko wewe.

Kama unataka kuyajua haya kwa mwili wako, fanya jambo moja. Chukua sinia kubwa, lile la kupakulia pilau kwenye shughuli, ulishike kwa mikono miwili karibu na kidevu chako kama vile limejaa. Halafu tembea kutoka jikoni mpaka barazani, watoto wakiwa wameacha viatu na vitu vyao palepale vilipo. Mbele utaona vizuri kabisa, utamwona anayeingia mlangoni na utamwita kwa jina. Lakini kizingiti utakitafuta kwa kidole cha mguu. Wewe sinia utaliweka chini baada ya dakika moja. Mavyaa halitui. Mwite na wifi yako alibebe, na mumeo akija naye alibebe, kabla hamjazungumza neno lolote jengine.

Sasa hiyo amri ya mumeo. Nataka kuisema kwa heshima, kwa sababu najua imetoka kwenye mapenzi na hofu, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuitoa. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa kwenye macho, na baba yangu alikuwa na maradhi haya haya. Alianguka kwenye vidato vya msikiti, akapasuka nyusi. Tukakutana watoto wote, tukaamua asitoke tena, atasali nyumbani. Chakula kikamfuata kitandani, maji yakamfuata kitandani, mpaka ndara akavalishwa. Nilijiona mtoto mwema. Haukupita mwaka, mapaja yalikuwa yamenywea, akawa hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa, na siku aliyovunjika nyonga alianguka baina ya kitanda na kiti, hatua mbili, mchana kweupe. Ningeweza kukwambia mambo mengi ya vitabuni kuhusu hili, na yote yanasema hivyo hivyo: anayeogopa kuanguka hutembea kidogo, akitembea kidogo miguu inalegea, na miguu iliyolegea huanguka upesi zaidi. Lakini mimi sikuyajua kwenye vitabu. Niliyajua kwa baba.

Kwa hivyo mwambie mumeo, au msomee barua hii: mama atatoka. Kinachobadilika ni nyumba, na namna ya kutoka.

Tuanze na nyumba, maana hata huko kwenye nchi zilizochunguza sana jambo hili, wagonjwa wa glakoma wengi huanguka ndani ya makaazi yao wenyewe, si barabarani. Fuata njia yake, usifute nyumba nzima. Ana njia tatu: kitandani mpaka chooni, ukumbini mpaka jikoni, na mlangoni mpaka barazani. Hizo tatu ziwe tupu daima. Mbuzi ya kukunia nazi ipigiwe msumari ukutani. Ukimaliza kukuna, kabla hata hujashika kung'uto, itundike. Ndoo na madumu yawe upande mmoja wa ukuta, na yakae hapo hapo siku zote, kwa sababu mtu wa namna hii anatembea kwa kumbukumbu kuliko kwa macho. Likihamishwa jambo, hata stuli, aambiwe. Wafundishe watoto wako hilo kama unavyowafundisha salamu. Viatu vya wageni pale mlangoni ndio mtego mkubwa wa nyumba zetu, siku ya hitma unaweza kukuta jozi 30 zimefunga mlango. Vipangwe upande mmoja wa baraza, mtoto mmoja apewe kazi hiyo. Mswala ukishasaliwa ukunjwe. Mkeka uliojikunja pembe uondoke kwenye njia yake.

Kizingiti kile kilichomvunja mkono kina dawa rahisi. Sakafu yenu bila shaka ni ya saruji, na kizingiti ni cha saruji, rangi moja. Glakoma inapunguza pia uwezo wa kutenganisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, kwa hivyo kijivu juu ya kijivu kwake ni kitu kimoja. Nunueni kopo dogo la rangi ya njano au nyeupe, mpake ukingo wa kizingiti na ukingo wa kila kidato, mstari mpana kama vidole vitatu. Kama hakuna pesa ya rangi, chokaa itafanya kazi, ila itabidi mrudie. Ndoo ya udhu iwe nyekundu au buluu iliyokoza, si ya kijivu wala ile nyeupe iliyochakaa.

Kutoka mlango wa uani mpaka chooni mtafute fundi aweke boriti za mkoko, mbili tatu zisimame na moja ilale juu yake, usawa wa nyonga yake, apate kitu cha kushika. Chooni kuwe na kiti cha plastiki kizito, akae anapooga na anapotia udhu. Mtu anayeinua mguu mmoja kuuosha, sakafu imerowa, sabuni imemwagika, na chini haoni, huyo hata mimi siwezi kumwombea zaidi ya hapo. Ndara za kuteleza azipumzishe, avae sandali zenye mkanda wa nyuma. Kanga ya kiunoni ifungwe juu ya vifundo vya miguu.

Mwanga. Macho yenye glakoma huchelewa kuzoea giza, na huchelewa vile vile kutoka kwenye jua la mchana kuingia kwenye ukumbi wenye kivuli. Azoee kusimama mlangoni, ashike mwimo, ahesabu mpaka 20, ndipo aingie. Usiku kuwe na taa ndogo njiani mpaka chooni, na tochi ya sola chini ya mto wake, siku umeme ukikatika asipapase.

Nakuja kwenye dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Kuruka siku kukome leo. Glakoma ndiyo inayoongoza duniani kwa upofu usiorudi, na matone hayo hayarudishi kilichopotea, yanalinda kilichobaki. Siku anazoruka haoni tofauti, na hapo ndipo penye hatari. Ila yule jirani aliyetaja kizunguzungu ameshika nusu ya ukweli, na ningependa umsikilize nusu hiyo. Soma kichupa cha asubuhi na jioni. Kama ni timololi, dawa hiyo hupita kwenye kitundu kidogo kilichoko pembe ya jicho upande wa pua, ikashuka puani na kuingia kwenye damu. Inaweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha ya mwili. Sasa hebu mfikirie mavyaa wako: alfajiri, ametoka usingizini, ana vidonge vya presha mwilini, ametia dawa, hapo hapo ameinuka. Mimi naona kile kizingiti hakikufanya kazi peke yake.

Basi afanye hivi. Atie tone moja akiwa amekaa kitandani, afumbe jicho, abonyeze kwa ncha ya kidole pale pembeni mwa pua kwa dakika mbili. Dawa haitashuka sana, nyingi itabaki jichoni inakotakiwa. Usiku, matone mawili yanapokutana, baina ya la kwanza na la pili zipite dakika 5. Kwa sasa mkono mmoja uko kwenye plasta, kwa hivyo mtilie wewe. Alfajiri akimaliza, ateremshe miguu chini, akae kidogo, acheze vifundo, ndipo ainuke. Na safari yenu ya kliniki ijayo chukua dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za macho na za mwili, umwambie daktari wa macho kwa kinywa chako: ameanguka mara tatu mwaka huu. Usisubiri kuulizwa. Mtaje na pumu kama aliwahi kuwa nayo, kwani timololi na pumu haziishi nyumba moja. Omba apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama. Daktari ndiye atakayeamua kubadilisha dawa au kupunguza vidonge.

Jengine uliloliandika kwa kupita, nami limenikaa: "na miwani yake". Je, anainuka nayo? Miwani ya kudarizia humfanya aone sindano, lakini sakafu inakuwa ukungu. Na ile yenye vioo viwili, juu pa mbali na chini pa karibu, ni mbaya kwenye vidato, maana mtu akitazama chini anatazama kupitia kioo cha kusomea. Kabla hajaondoka barazani, miwani ya kazi ibaki kwenye kikapu cha uzi.

Sasa msiba nyumba ya nne. Kuhani bado kunafaa, mpeleke. Usimkokote kwa mkono kama mtoto. Yeye ndiye akushike wewe, mkono wake mzima juu kidogo ya kiwiko chako, wewe uwe nusu hatua mbele. Mwili wako utamwambia panapopanda na panaposhuka kabla ulimi haujafika. Hata hivyo sema: "kidato", "mchanga", "jamvi". Akitembea peke yake ajizoeshe kutazama mbele hatua kadhaa, kisha chini, kisha kulia na kushoto, kwa kugeuza kichwa, si kwa kuzungusha macho. Na bakora. Najua wanawake wetu wanaiona bakora ni ya wazee wa kiume na kanzu zao. Baba yangu naye aliikataa, akisema itamzeesha. Mchongee ya mti mwepesi, urefu wake ukomee kwenye kifundo cha mkono akisimama wima, aishike kwa mkono wa kulia.

Miguu yake pia inahitaji kazi. Asubuhi na jioni akae kwenye kiti kisichoyumba, kilichoegemezwa ukutani, ainuke na kukaa mara 10 bila kujisukuma kwa mikono akiweza, nawe uwe karibu. Kisha ashike ukuta asimame kwa mguu mmoja, kidogo kidogo. Katika sala, akiinuka kutoka sijida asifanye haraka, na siku kizunguzungu kikimshika asali amekaa. Dini imemruhusu mwenye udhuru.

Akianguka tena, Mungu apishe mbali, usimnyanyue kwa haraka. Muulize kwanza panapouma. Kama mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje, au amepiga kichwa, ni hospitali moja kwa moja, wala asikandwe na mtu. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu 684,000 wanaokufa kila mwaka kwa kuanguka, na wazee ndio walio wengi. Si jambo la kusema "uzee huo" likaisha.

Nimebakisha moja, na hili ni la mumeo na wifi yako. Glakoma hutembea katika damu. Watoto na ndugu wa mgonjwa wamo hatarini kuliko watu wengine, na sisi watu weusi hatari yetu iko juu tangu mwanzo. Mumeo akiwa anakaribia miaka 40 au ameipita, aende kupimwa. Yuko Unguja, kitengo cha macho cha hospitali ya Mnazi Mmoja hakiko mbali naye. Asiseme "mimi naona vizuri". Mama yake naye anaona vizuri tundu la sindano. Wapimwe presha ya jicho na mshipa wenyewe uangaliwe, si kusoma herufi za ukutani peke yake. Wifi naye aende, na nadhani akirudi huko maneno yake yatapungua. Wewe hukuwa mzembe, mwanangu. Mbuzi kubaki sakafuni dakika mbili wakati tui linachujwa ni jambo la kila jiko la Pemba. Hukuwa umeambiwa tu mavyaa wako anaona nini, na waliokuwa na wajibu wa kukwambia, tangu miaka minne iliyopita, wako upande wangu mimi wa kazi.

Mwakani anatimiza miaka 70. Mwandikisheni mapema kwa sheha apate pencheni jamii, ile ambayo Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar inawalipa wazee tangu 2016. Itasaidia matone pale yanapokosekana hospitali na ikabidi kununua.

Mbuzi itundike usiku huu huu. Rangi mnunue kesho. Na mwambie mavyaa nimemsalimu, nampa shikamoo yake, na mkono ukishapona nina kijana anaoa mwezi wa Shaabani, nahitaji kofia yenye vitundu vidogo kuliko punje ya mtama. Anitajie bei yake mwenyewe.